Mungu Haombi Sauti Yako ya Kanisani



Leo nataka tuongee juu ya maombi, lakini sitaanza na kosa lako. Nitaanza na langu.

Wale wa kanisa letu mnajua kesha zetu za Ijumaa. Tunaanza saa tatu usiku, tunaachana saa kumi na moja alfajiri matatu zikianza kutembea. Saa nane usiku ndiyo saa ngumu. Chai imeisha, mtoto wa mtu analia, anayepiga kinanda anasinzia, na mchungaji ndiye anatakiwa kuinua watu. Nilikuwa nimeshika maiki. Nikatazama nyuma kabisa, karibu na mlango, nikaona mama mmoja amejifunika leso kichwani, ameinama, hasikiki. Kanisa lote limesimama linaomba kwa sauti, yeye ametulia kama mtu aliyelala.

Nikasema kwa spika, "Kuna watu wamekuja kulala hapa! Mama hapo nyuma, amka, adui yako halali!"

Watu wakacheka. Yule mama akasimama, akainua mikono, akaanza kutoa sauti kama wengine. Mimi nikaendelea na kesha, nikijua nimefanya kazi ya Bwana.

Alfajiri alinisubiri mlangoni. Hakuwa na hasira. Aliongea chini kwa chini, akasema, "Pasta, sikuwa nimelala. Ndio nilikuwa nimeanza kumwambia Mungu ukweli."

Amenipa ruhusa niandike haya bila jina lake. Yeye huuza mboga sokoni. Kijana wake alianza na muguka, akaingia kwa chang'aa, akaanza kuuza vitu vya nyumbani. Aliuza mtungi wa gesi. Aliuza magodoro ya wadogo zake. Wakati ule ilikuwa wiki ya tatu mama hajui kijana analala wapi. Kwa miaka miwili mama huyu amekuwa mbele katika maombi yetu, akivunja na kufunga na kukomboa, sauti ikikauka. Lakini usiku ule, chini ya ile leso, alimwambia Mungu neno ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote: "Baba, nimechoka na huyu mtoto. Kuna siku natamani asirudi."

Akaniambia, "Nilikuwa nimefika hapo, pasta, ndipo ukaniita."

Wapendwa, sikuwa na la kujibu. Nilimshika mkono nikasema pole. Nikatembea kwenda nyumbani na kitu kizito kifuani.

Unajua ni nani nilimkumbuka njiani? Kuhani Eli.

Fungua 1 Samweli 1. Hana, mke wa Elkana, anapanda kila mwaka kwenda Shilo. Hana mtoto. Penina, mke mwenza, ana watoto, na kila mwaka anamchokoza mpaka Hana analia na kukataa chakula. Siku moja Hana anaingia mbele za Bwana. Midomo inacheza, sauti haitoki. Na mtumishi wa Mungu, Eli, ameketi kwenye kiti chake penye mwimo wa mlango, anamtazama, anafikiri ni mlevi. Anamkemea.

Hebu fikiria. Mmoja wa waombaji wakubwa wa Agano la Kale alikemewa na kuhani katikati ya maombi yake. Eli alikuwa amezoea namna watu wanavyoomba. Alijua maombi yanafananaje. Kwa hiyo maombi ya kweli yalipoingia nyumbani mwa Bwana bila sura aliyoizoea, hakuyatambua.

Mimi ni Eli. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na spika.

Sasa nikwambie kilichonipata siku hiyo. Nilifika nyumbani, mke wangu alikuwa ameenda kazini, watoto shuleni. Nikapiga magoti kando ya kitanda nitubu. Nikafungua kinywa, na maneno yaliyotoka ni haya: "Baba katika jina la Yesu, tunakuja mbele zako asubuhi ya leo..."

Nikanyamaza. Tunakuja? Mimi na nani? Nyumba ilikuwa tupu.

Nikajaribu tena. Ikatoka ile ile sauti ya madhabahuni, ile yenye mtetemo, ile mnayoijua. Nilikuwa naomba peke yangu kama mtu anayeongoza kanisa. Nikajiuliza mara ya mwisho niliomba kwa sauti yangu ya kawaida, ile ninayomwitia mtoto wangu aje kula, ilikuwa lini. Sikukumbuka. Na mimi ni mchungaji. Nahubiri maombi. Nafundisha darasa la maombi.

Hicho ndicho kinachonifanya niandike leo. Msimamo wangu ni huu, na najua wengine hamtaupenda: wengi wetu tunaomba sana na tuko mbali na Mungu. Na sababu si kwamba tunaomba kidogo. Sababu ni kwamba hatumwambii ukweli.

Angalia jambo hili kwa maisha ya kawaida. Kijana ametoka kijijini amekuja mjini kutafuta kazi. Kila jioni anapiga simu nyumbani. "Mama, mambo huku ni sawa. Kazi ni sawa. Nimekula." Anasema hivyo na amelala njaa siku mbili, na kazi aliisha kuipoteza mwezi uliopita. Anampenda mama yake, hataki kumsumbua. Anapiga simu kila siku bila kukosa. Lakini niambie, mama huyu anamjua mwanawe? Wanaongea kila siku na umbali unaongezeka kila siku. Sasa siku moja kijana anashindwa, anapiga simu, anasema, "Mama, nimeshindwa," na anaanza kulia. Simu ile moja itamleta karibu na mama yake kuliko simu mia mbili za "niko sawa".

Tofauti na yule mama ni kwamba Baba yetu tayari anajua. Yesu alisema hivyo waziwazi katika Mathayo 6, kwamba Baba anajua tunachohitaji kabla hatujamwomba. Kwa hiyo ukimficha, hujamficha kitu. Umejifungia wewe nje.

Kuna wale watasema, "Pasta, sasa unataka kuzima moto? Unataka tuombe kimya kama watu wa mazishi?" Hapana. Mimi ni Mpentekoste na nitakufa Mpentekoste. Naamini katika kunena kwa lugha, naamini katika kesha, naamini katika kulia mbele za Mungu. Bartimayo alipiga kelele kando ya njia ya Yeriko, watu wakamwambia anyamaze, akazidisha, na Yesu akasimama kwa ajili yake. Waebrania 5:7 inatuambia Bwana wetu mwenyewe aliomba kwa kilio kikubwa na machozi. Kelele si dhambi. Lakini pia soma 1 Wafalme 18. Manabii 450 wa Baali walipiga kelele tangu asubuhi mpaka adhuhuri, wakaruka, wakajikatakata mpaka damu ikatoka. Hakuna aliyejibu. Eliya akaomba sala fupi, unaweza kuisoma yote bila kuvuta pumzi mara nyingi, na moto ukashuka. Sauti inaweza kubeba moyo, na sauti inaweza kufunika moyo. Swali ni yako inafanya lipi.

Wengine watauliza swali zito zaidi: "Pasta, yule mama alisema anatamani mwanawe asirudi. Hiyo si kukufuru? Je, si kukiri vibaya? Ulimi una nguvu ya uzima na mauti!"

Nimelitafakari swali hili sana, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kufundisha watu wakiri mazuri tu. Lakini nikirudi kwenye Biblia nakutana na Musa katika Hesabu 11. Amechoka na watu wa Israeli. Anamwambia Mungu kwamba mzigo huu ni mzito mno, na kama ndivyo utakavyonitendea, basi niue. Mungu hakumpiga kwa ukoma. Alimpa wazee sabini wamsaidie kubeba. Nakutana na Eliya chini ya mretemu katika 1 Wafalme 19 akiomba afe. Mungu hakumkemea kwamba amekiri vibaya. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena. Nakutana na Zaburi ya 88, ambayo inaisha gizani, bila "lakini nitakusifu" mwishoni, na Roho Mtakatifu akaiacha ndani ya Biblia jinsi ilivyo.

Na nakutana na Ayubu. Hapa nataka ukae kidogo. Rafiki zake Ayubu walisema maneno mengi mazuri kuhusu Mungu. Ukiyatoa pale ukayaweka kwenye mahubiri ya Jumapili, watu watasema amina. Ayubu alilalamika, akauliza, akalaani siku aliyozaliwa. Lakini mwisho wa kitabu, sura ya 42, Mungu anawakasirikia wale rafiki na kusema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Kwa nini? Mimi naona hivi: wale rafiki walikuwa wanaongea juu ya Mungu. Ayubu, katika uchungu wake wote, aliendelea kugeuka na kuongea na Mungu mwenyewe. Hakumwacha. Alimshika hata alipokuwa anamlalamikia.

Neno chungu ukimpelekea jirani linakuwa masengenyo. Ukilificha moyoni linakuwa sumu. Ukimpelekea Baba linakuwa maombi.

Mfano mkubwa kuliko wote ni Gethsemane. Yesu hakuanza na "mapenzi yako yatimizwe". Alianza na kile alichotaka: kikombe kimwepuke. Alisema wazi. Aliwaambia hata wanafunzi kwamba nafsi yake ina huzuni nyingi. Ndipo akajiweka chini ya mapenzi ya Baba. Na Mathayo anasema aliomba mara tatu, maneno yale yale. Mwana wa Mungu hakutafuta maneno mapya ya kumpendeza Baba mara ya pili na ya tatu. Alirudia ukweli ule ule mpaka moyo ukatulia.

Sisi tunaruka hatua ya kwanza. Tunakimbilia "mapenzi yako yatimizwe" kabla hatujasema tunachotaka, halafu tunashangaa mbona hatuna amani. Huwezi kumkabidhi Mungu kitu ambacho hujakubali kwamba unacho.

Wazee wetu walijua jambo hili. Ule Uamsho wa Afrika Mashariki uliowaka Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ukafika kwetu Kenya kabla ya mwongo ule kuisha, haukuwaka kwa sababu ya vyombo. Spika hazikuwepo. Watu waliacha kujifanya. Walikiri dhambi zao kwa majina, wakarudisha walivyoiba, wakasameheana na maadui. Waliita kutembea nuruni. Wengi wenu mmeokoka kwa sababu nyanya yako au babu yako aliguswa na moto ule. Moto ule kuni zake zilikuwa ukweli.

Leo tuna spika, tuna kamera, tuna kurasa kama hii. Na mimi nikiri hapa hapa: nimewahi kuandika kwenye ukurasa huu, "Andika Amina upokee." Nimeona amina mia tatu, nikafurahi. Sijui wangapi kati ya hao mia tatu waliomba. Inawezekana kabisa mtu aandike amina kwenye kurasa kumi akiwa kwenye matatu, atume picha ya mikono ya maombi kwenye grupu nne, afike nyumbani alale, na siku nzima awe hajamwambia Mungu hata neno moja. Nasema hivyo nikijua ni mimi na wachungaji wenzangu tuliowazoesha.

Sasa, mtu atasema, "Pasta, unaniambia niingie chumba cha ndani nifunge mlango. Mimi naishi chumba kimoja, tuko sita." Nakuelewa. Tumeishi huko mimi na familia yangu. Lakini kumbuka Hana hakuwa peke yake. Watu walikuwepo, na kuhani alikuwa anamtazama. Kumbuka yule mama wa kesha. Alikuwa katikati ya watu na vyombo, na akajenga chumba chake cha ndani kwa leso moja. Mlango unaofungwa ni ule wa kutaka kuonekana. Unaweza kuufunga ukiwa jikoni unamenya viazi, ukiwa kwenye boda, ukiwa kwenye foleni ya maji.

Nikupe mambo machache ya kufanya wiki hii. Mimi nimeanza kuyafanya.

Moja, ukiwa peke yako sema "mimi". Acha "sisi" na "tunakuja" kwa ibada. Utashangaa jinsi neno hilo dogo linavyokutoa mafichoni.

Mbili, omba kwa lugha uliyolilia nayo ukiwa mtoto. Kama ni Kiluhya, Kikamba, Kidholuo, Kikalenjin, Kikikuyu, Kimijikenda, omba nayo. Kuna machozi ambayo hayajui Kiingereza.

Tatu, taja kitu chenyewe. Usiseme "Bwana, unajua mambo yangu". Anajua, ndiyo. Lakini wewe sema: deni la elfu kumi na nane. Wivu kwa dada yangu. Ile namba ya simu ambayo sijaifuta. Hasira kwako, Mungu, tangu tulipomzika baba.

Nne, ukishasema, kaa kimya kidogo. Usikimbilie kusema amina. Warumi 8 inatuambia Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua ambako hakuna maneno. Mpe nafasi augue ndani yako.

Na kama hakuna kinachotoka kabisa, mwambie hivyo. "Mungu, sina hamu ya kuomba." Hayo ni maombi. Pengine ni ya kweli kuliko yote uliyoomba mwaka huu.

Turudi kwa Hana kabla sijamaliza, kwa sababu kuna jambo watu wengi hatulioni. Tunapenda mwisho wa hadithi: Samweli akazaliwa, ushuhuda, shangwe. Lakini soma mstari wa 18. Hana aliondoka pale, akaenda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Hiyo ni kabla ya mimba. Kabla hajarudi Rama. Penina bado yuko na watoto wake, bado yuko na ulimi wake. Hakuna kilichobadilika nyumbani, ila Hana alikuwa amefika kwa Mungu na mzigo wake halisi, na hakuubeba peke yake tena. Jibu lilikuja baadaye. Ukaribu ulikuja kwanza.

Na Eli, baada ya kukosea, alifanya jambo moja jema. Alimsikiliza Hana akijieleza, akabadilisha neno lake, akambariki.

Jumapili iliyofuata nami nilichukua ile ile maiki. Nikaeleza kanisa kwamba kwenye kesha nilimwaibisha mtu aliyekuwa anaomba kuliko mimi. Nikaomba msamaha mbele ya watu, kwa sababu nilimkosea mbele ya watu. Sikutaja jina, lakini yeye alijua. Alikuwa ameketi pale pale nyuma, karibu na mlango.

Mtaniuliza, kijana alirudi? Alirudi usiku mmoja, akala, akalala sakafuni, asubuhi akaondoka tena. Wazee wawili wa kanisa wanamfuata, tunatafuta mahali pa kumsaidia. Hatujafika. Naomba mmuombee. Lakini mama aliniambia jambo nitakalolikumbuka. Alisema, "Pasta, tangu nimwambie Mungu kwamba nimemchoka, nimeanza kumpenda tena."

Huyo mama hajapata jibu lake bado. Lakini nimeuona uso wake.

Baba, mimi ni mtumishi wako na nimechoka kujifanya. Umenijua tangu tumboni mwa mama yangu na bado nimekuwa nikikuletea maneno mazuri badala ya moyo wangu. Nisamehe. Msikie anayesoma hapa, ambaye ana neno moja hajawahi kukwambia. Mpe ujasiri wa kulisema leo. Usimwache peke yake akishalisema. Katika jina la Yesu.

Mpendwa, leo sikuombi uandike amina. Weka simu chini. Mwambie Mungu sentensi moja ya kweli, kwa sauti yako ya kawaida. Mimi nafanya vivyo hivyo sasa hivi.

Mbarikiwe sana. Tuonane Ijumaa kwenye kesha. Ukitaka kukaa nyuma na leso yako, kaa. Hakuna atakayekuamsha.

Mchungaji wenu.